Tenzi za Mwalimu Zilizotoka Ndanda

Kila ifikapo tarehe 14 Oktoba, Watanzania humkumbuka Mwalimu Julius Kambarage Nyerere kwa Uhuru, Muungano na Azimio la Arusha. Ni haki yake. Hata hivyo, sisi tuliofundisha Kiswahili tunadaiwa kumbukumbu nyingine: ya mume, baba, mwalimu na Mkatoliki mcha Mungu ambaye pia alikuwa mtunzi wa tenzi.

Alibatizwa mwaka 1943, akafundisha Tabora, akaenda kusoma Edinburgh. Mwaka 1953 alimwoa Maria Gabriel, wakajaliwa watoto 8. Mwaka 1955 aliacha kufundisha Pugu ili aiongoze TANU, lakini jina la Mwalimu halikumwacha. Misa aliihudhuria kwa uaminifu akiwa Rais, na hata baada ya kung'atuka, neno ambalo yeye mwenyewe alilitoa katika Kizanaki akatuachia sote.

Wengi wanazijua tafsiri zake za Shakespeare, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi. Wachache wanajua kwamba mwaka 1996, miaka mitatu kabla ya kifo chake, Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho walichapisha vitabu vyake 5 vya tenzi: Enjili nne na Matendo ya Mitume. Ndanda ni hapa kwetu Masasi, chini ya uwanda wa Wamakonde. Sisi tuliosomea ualimu Kitangali, Newala, tulikuwa majirani wa mtambo uliotoa kazi hiyo, na bado katika miaka yangu yote ya kufundisha sikuwahi kukutana na mwanafunzi aliyeisoma.

Sababu ninayoisikia ni moja: hayo ni mambo ya dini, yabaki kanisani. Siikubali. Utenzi wa Mwana Kupona, wa mwaka 1858, ni wosia wa mama Mwislamu kwa bintiye, nao umejaa dua. Tumeufundisha kwa Wakristo na Waislamu, wala hakuna aliyebadili dini kwa kuhesabu mizani. Umbo la utenzi lenyewe tumelirithi kwa washairi Waislamu wa Pate na Lamu. Mkatoliki wa Butiama alipotaka kuisimulia imani yake, alikwenda kuchota katika kisima hicho. Sijui heshima kubwa zaidi ambayo mshairi anaweza kuwapa waliomtangulia.

Wengine husema kwamba anayefuata Maandiko hana uhuru wa kubuni. Jaribuni basi kuingiza mfano wa Mpanzi katika mishororo ya mizani 8, vina vitimie, maana isipinde. Hapo ndipo ufundi unapopimwa.

Tazameni pia neno moja katika majina ya vitabu hivyo: "utongozi" wa Mathayo, wa Marko, wa Luka, wa Yohana. Kijana wa leo atacheka, kwa kuwa analijua kwa maana ya kubembeleza mapenzi tu. Mwalimu alirudi kwenye kutongoa, yaani kunena, akalirudishia neno hadhi yake. Kichwa cha kitabu kimoja kinatosha somo zima la historia ya maneno.

Masasi si ngeni kwa kazi ya namna hii. Askofu Edward Steere, Mwanglikana na mwanazuoni wa Kiswahili, ndiye aliyeanzisha hapa makazi ya watu walioachwa huru kutoka utumwani, mwaka 1876. Lugha hii imekuzwa na Waislamu, Waanglikana na Wakatoliki, na hakuna aliyemwomba mwenzake kibali.

Rai yangu kwa walimu na washairi ni hii: Oktoba ijayo, hotuba zikiisha, someni darasani beti kumi za Mwalimu sambamba na beti kumi za Mwana Kupona. Waacheni wanafunzi wahesabu mizani, wapime vina, wabishane nani kazidi. Tusipofanya hivyo, kizazi kijacho kitamjua Mwalimu kwa picha ya ukutani na sauti ya redioni, kisijue kwamba alikuwa mmoja wetu katika utunzi.