Nani ataziba matundu ya dushi kambini?

Goma – Leo sitaongelea mapigano. Nataka tuongelee matundu ya dushi, na najua kuna watakaocheka. Wacheke, halafu wasome mpaka mwisho.

Juzi nilikuwa katika kambi moja. Mama mmoja aliyekimbia kutoka Masisi alinishika mkono, akanipeleka nyuma ya bloku yao kunionyesha dushi za wanawake. Ni sita kwa mstari mmoja: miti ya mkaratusi, na bashi limezungushwa. Hakuna hata moja isiyo na tundu. Mengine yanaingia kidole, mengine yanaingia kichwa. Akaniambia: “Baba muandishi, nina binti wawili. Wanaoga saa mbili ya usiku, mimi nasimama inje nimetandaza kitenge.”

Nikamuuliza mmoja wa wanaosimamia mradi. Akanijibu kwa upole kabisa kwamba dushi zilijengwa, zikahesabiwa, zikakabidhiwa komite ya kambi, basi kuzitengeneza ni kazi ya wakaaji wenyewe. Nikaenda kwa komite. Huko nikaambiwa hakuna bashi, hakuna misumari, hakuna uzi, na kama wamama wanaona haya, waoge usiku.

Waoge usiku! Mwaka 2023 Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, walihudumia watu zaidi ya 25,000 waliotendewa ukatili wa ngono katika nchi yetu. Hiyo ni zaidi ya wawili kila saa moja, na sehemu kubwa yao ni hapa Kivu ya Kaskazini. Wamama wengi walikamatwa wakitafuta kuni na maji, tena wengine mchana kweupe. Na wewe, mtu mzima, mwenye watoto wako, unamtuma msichana atoke kwenye kibanda giza likiwa limeshaingia, apite kwenye mawe ya volkano bila taa, aende kuvua nguo mahali ambapo mlango ni kitambaa? Ungemtuma wa kwako?

Mashirika haya yana kanuni zao za kimataifa, zinaitwa Sphere. Zinasema mahali pa kuogea pawe na faragha, na pa wanawake patengwe na pa wanaume. Hawakulazimishwa na mtu kuziandika. Lakini ripoti inahesabu dushi zilizojengwa. Zile ambazo bado mtu anaweza kuogea bila kuonekana, sijaona karatasi inayozihesabu.

Na ubaya wake, kuziba tundu si kazi ngumu. Fundi mmoja wa kushona, naye ni mkimbizi wa ndani, alinionyesha. Gundi haishiki kwenye bashi, kwa sababu plastiki ile ni laini na inateleza. Skochi inabanduka ikipata maji na sabuni. Kufunga mfuko wa plastiki kwenye tundu ni kujidanganya. Yeye anakata viraka viwili kutoka bashi la zamani, kila kimoja kikubwa kuliko tundu kwa upana wa kiganja pande zote, kimoja ndani, kimoja inje, anakunja kingo na kushona kwa uzi wa nailoni kuzunguka mara mbili. Kama bashi limepasuka kwa urefu, kwanza anakata mwisho wa mpasuko uwe wa mviringo, usiendelee kukimbia. Pale penye msumari anaweka kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, maana msumari mtupu ukipigwa na upepo ndio mama wa matundu yote. Na chini, bashi lisiguse mawe. Hapa kwetu mawe ya volkano yanakata kama kisu.

Kiraka kimoja hakikumaliza nusu saa. Lakini lile ambalo jua limelichoma mpaka linavunjika mkononi halishonwi tena, linabadilishwa, na hapo sindano ya fundi haitoshi.

Tuseme ukweli wote. Matundu mengine tumeyafanya sisi. Kuna mama aliyekata kipande cha dushi kwa sababu mvua ilikuwa inamnyeshea mtoto mchanga ndani ya kibanda. Huyo simlaumu, nawalaumu waliomwacha bila bashi. Lakini kuna mwanaume aliyekata, akauza, akanywa kasiksi. Na kuna vijana wanaotoboa kwa makusudi ili wachungulie, na wazee wanacheka wakisema ni utoto. Huo si utoto. Yule anayechungulia leo, kesho anafuata njiani. Baba zetu, ninyi ambao kule vijijini mlikuwa mkiheshimu mahali ambapo mama mkwe anaogea, vita haikuwanyang'anya na hilo.

Kwa hiyo naomba waziwazi. Mashirika: kila mahali mnapojenga dushi, acheni pia bashi la akiba, sindano, uzi, misumari na mpira, na mpange nani atarudi kuangalia baada ya mradi kuisha. Vitu hivyo wakabidhiwe wamama wa bloku. Visipitie kwa prezida wa kambi, tunajua njia ya sokoni. Fundi anayeshona alipwe chochote, naye ana watoto. Na komite isimamishe mara moja neno hili la kuoga usiku.

Siku ile tulishona dushi mbili kati ya sita, bashi la zamani likatuishia. Sindano ilibaki kwa yule mama. Nne bado ziko wazi, na nitarudi Ijumaa kuziangalia.