Tiba ya unene: Safari ya mgonjwa wa Mtwara haiishii Mloganzila

UPASUAJI wa kupunguza unene, ambao zamani Watanzania waliufuata India, sasa unafanyika nchini, katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, Mloganzila. Lakini kwa mkazi wa Ufukoni, Mtwara, huduma hiyo iko umbali wa kilometa zipatazo 560, na nauli ya kwenda ni sehemu ndogo tu ya tatizo.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa asilimia 28 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 nchini walikuwa na uzito uliozidi. Mitaani, hata hivyo, mtu mnene bado husifiwa kwamba "ana afya", na wengi hufika hospitali wakati kisukari au shinikizo la damu limekwisha kuingia.

Kwa mtu mzima mwenye urefu wa mita 1.60, unene wa kupindukia huanzia kilo 77. Tiba ya kwanza ni mlo na mazoezi. Miongozo ya kimataifa ya mwaka 2022 inapendekeza upasuaji kwa mtu huyo anapofikia kilo 90, hata kama hana maradhi mengine.

Kati ya hatua hizo mbili kuna dawa. Sindano ya semaglutide, iliyoidhinishwa Marekani kwa ajili ya unene mwaka 2021, ilipunguza uzito kwa wastani wa asilimia 15 hivi katika majaribio. Walioiacha walirudiwa na takriban theluthi mbili ya uzito huo ndani ya mwaka mmoja. Puto linalowekwa tumboni nalo ni la muda. Kwa kawaida huondolewa baada ya miezi 6 hadi 12.

Upasuaji ndio wenye matokeo ya kudumu zaidi, ama kwa kukata sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, ama kwa kuupunguza na kuuunganisha na utumbo mbele zaidi. Lakini aliyepasuliwa hutumia vitamini na madini maisha yake yote, na damu yake hupimwa mara kwa mara.

Hapo ndipo Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, iliyozinduliwa Mtwara mwaka 2023, inapopaswa kuhusishwa mapema, kabla mgonjwa hajapewa rufaa. La sivyo, atapanda basi hadi Dar es Salaam kufuata kipimo cha damu, na safari ya tatu au ya nne huenda asiende.