Madereva wa Kasese wafundishwe kusoma dashibodi

Taa ya injini inapowaka kwenye dashibodi, katika barabara ya Kasese kwenda Bwera kuna dereva anayeifunika kwa kipande cha plasta ili isimsumbue macho usiku. Mwingine humwambia fundi aing'oe balbu kabisa. Wa tatu, hasa anayetaka kuliuza gari, huchomoa waya wa betri kwa muda. Taa huzimika, mnunuzi akaondoka akifurahi, kisha baada ya siku chache taa ikarudi. Gharama ya ujanja huo huangukia abiria wa Munkunyu anayeachwa njiani na mzigo wake wa sokoni, na dereva wa teksi ambaye jioni lazima ampelekee mwenye gari hesabu kamili, gari limetembea au halikutembea.

Gereji nyingi bado zinatibu kwa kubahatisha. Injini ikimisi, fundi anabadilisha plagi. Ikiendelea, anabadilisha koili. Ikiendelea tena, anatafuta sensa iliyotumika, na kila hatua inalipiwa na mteja. Wakati huohuo kompyuta ya gari imekwisha kuandika namba ya hitilafu na imekaa nayo ikisubiri mtu wa kuisoma.

Jambo la kwanza halihitaji kifaa chochote. Dereva awashe swichi bila kupiga stata. Taa za injini, oili, betri, breki za ABS na mifuko ya hewa zinapaswa kuwaka zote. Ile ya ABS na ile ya mifuko ya hewa huzimika zenyewe baada ya sekunde chache, na ya injini huzimika gari likishawaka. Taa ambayo haikuwaka kabisa inatia shaka kuliko inayowaka, kwa sababu huenda balbu imekufa au imeng'olewa kwa makusudi. Anayenunua gari na asifanye jaribio hili anajitakia hasara.

Baada ya hapo kuna hali ya kujipima ambayo watengenezaji wameificha ndani ya dashibodi. Katika magari kadhaa, dereva akibonyeza kitufe cha kurudisha kilomita za safari kwenye sifuri, akakishikilia huku anawasha swichi, mishale yote hupanda na kushuka na taa huwaka kwa zamu. Mengine huonyesha hata namba za hitilafu palepale zinaposomwa kilomita. Toyota nyingi za zamani zina njia nyingine: matundu mawili maalumu ya soketi ya uchunguzi yakiunganishwa kwa waya mfupi, taa ya injini huanza kukonyeza. Ikikonyeza mara mbili, ikapumzika, ikakonyeza tena mara mbili, hiyo ni 22, yaani sensa ya joto la maji. Ikikonyeza bila kupumzika, hakuna hitilafu iliyohifadhiwa. Kazi hiyo ifanywe na anayeyajua matundu ya gari husika, kwani waya ukiingia pasipo pake unaweza kuunguza kompyuta.

Kwa nini mtu ahangaike na kukonyeza kwa taa wakati mashine ndogo za kusomea zinauzwa madukani? Marekani ililazimisha magari yote mapya kuanzia mwaka 1996 yatumie mfumo mmoja wa uchunguzi. Gari lililotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani halikubanwa na sheria hiyo, ndiyo maana mashine ya bei rahisi huchomekwa kwenye gari la miaka hiyo na kugoma kuzungumza nalo. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane. Uganda, kwa sheria ya mwaka 2018, imeweka kikomo cha miaka 15. Magari ya kizazi hicho yamebaki kwa wingi upande huu, na vitabu vyake vya maelekezo, kama havijapotea, vimeandikwa kwa Kijapani.

Wapo mafundi wanaonung'unika kwamba dereva akijua kusoma namba hatakuja tena gereji. Hoja hiyo haina uzito, kwa sababu namba haifungui nati. Wala haitaji spea ya kununua. P0171 inasema injini inapata hewa nyingi kuliko mafuta. Anayekimbilia kununua sensa ya oksijeni anaweza kugundua baadaye kwamba ni bomba la hewa lililopasuka. Fundi mzuri anaanzia kwenye namba na kuendelea kupima. Lakini taa ya injini ikikonyeza wakati gari linatembea, injini inamisi vibaya, na dereva apunguze mwendo na kusimama panapo usalama bila kusubiri kufika Bwera.

Suala hili haliishii kwenye kizuizi cha Mpondwe. Julai 2022 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilikamilisha kuingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mwezi huohuo baraza la mawaziri la Uganda likaidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi. P0301 ni silinda ya kwanza inayomisi, iwe Kasindi, Butembo, Kasese au Mombasa. Namba ni moja, lakini fundi wa Kasindi aliyejifunza kwa Kifaransa na fundi wa Bwera aliyejifunza kwa Kiingereza hawana orodha moja ya maneno ya kuelezana. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, imepewa jukumu la kukuza lugha kwa maendeleo ya kanda. Orodha ya hitilafu hamsini zinazotokea mara nyingi, kwa maneno ambayo mafundi wenyewe wanayatumia, ni kazi ndogo kwake kuliko makongamano.

Vyuo vya ufundi vya Kasese visisubiri orodha hiyo. Somo la asubuhi moja kwenye stendi ya teksi, gari likiwa limewashwa swichi tu, linatosha kwa jaribio la taa. Wamiliki wa teksi ndio wa kulipia, na waanze na wale madereva waliobandika plasta.