Kompyuta Iliyofunikwa Gubigubi

Katika nyumba nyingi za mji wetu wa Morogoro kompyuta huvishwa kama bibi harusi. Huwekewa nailoni, juu ya nailoni kitambaa cha kufuma, kisha madirisha ya chumba yakafungwa kutwa kucha, eti vumbi lisiingie. Mwenye nyumba akiulizwa hujibu kwamba anaitunza. Mimi nasema anaiua, tena nasema bila ya kuuma maneno, kwa kuwa ushauri huu wa kufunika na kufunga umekwisha kuwa kama amri miongoni mwetu, na mafundi wenyewe huurudia bila ya kuufikiri.

(Wapo watakaonikosoa kwa kuandika kompyuta badala ya tarakilishi, au ngamizi kama wengine walivyopendekeza zamani. Waniwie radhi. Nikimwambia fundi wa mtaani kwangu kwamba ngamizi yangu ni mgonjwa, atanielekeza kwa bwana mifugo.)

Tuanze na mahali tulipo. Pepo zitokazo Bahari ya Hindi hupanda Milima ya Uluguru, hupoa, na kumwaga maji yake. Upande wa mashariki, huko Kinole na Matombo, zipo sehemu ambazo mvua ya mwaka hupita milimita 2,500. Sisi wa mjini, tulio upande wa pili wa milima, kwa kawaida hatufikii 1,000. Ndiyo maana watu wa mjini hujidhani wanaishi pakavu, na mwezi Agosti na Septemba, vumbi linapotimka, nakubali kwamba wanayo haki. Lakini tangu Machi hadi Mei mawingu hulala juu ya Bondwa na Lupanga siku nyingi mfululizo. Nguo zilizoanikwa hazikauki, na viatu vya ngozi vilivyoachwa chini ya kitanda huota ukungu mweupe. Hewa inayoota ukungu kwenye kiatu itaiheshimu vipi kompyuta iliyo mezani, hatua tatu kutoka kwenye kiatu hicho?

Unyevu wa hewa si kitu cha kubahatisha. Tulikuwa tukiwafundisha wanachuo wa ualimu kuupima kwa vipimajoto viwili, kimoja kimeachwa kikavu na kingine kimefungwa kitambaa chenye maji. Tofauti ya vipimo hivyo ikiwa ndogo, hewa imejaa maji. Asiye na vipimajoto anayo chumvi jikoni. Chumvi safi huanza kulowa unyevu unapopita asilimia 75 au hivi, na ile ya mawe hulowa mapema zaidi. Siku chumvi yako inapotoka jasho, ujue kwamba kompyuta yako nayo imo katika hewa hiyo hiyo.

Sasa fikiri kinachotokea ndani ya ile nailoni. Hewa ya mchana yenye joto la nyuzi 28 na unyevu wa asilimia 80 hubeba takriban gramu 22 za maji katika kila mita moja ya ujazo. Usiku joto likishuka hadi nyuzi 20, mita hiyo hiyo haiwezi kubeba zaidi ya gramu 17 hivi. Maji yaliyozidi huwa umande, na umande huo hutua juu ya kitu baridi kilicho karibu, nacho ni chuma na shaba ya mashine. Ni matone machache, nakubali. Lakini nailoni ile haikuzibwa kama chupa ya dawa. Mchana huingiza hewa mpya, usiku hutona tena, na hivyo hivyo msimu wote wa masika. Vumbi lililokuwa ndani hunyonya maji yale, chumvi ya vidole vyetu huchanganyika nayo, umeme ukapata njia za panya, na shaba ikaanza kugeuka rangi ya kijani.

Mwalimu mwenzangu mmoja, mstaafu kama mimi, alikaa miaka minne akiandika habari za ukoo wa mama yake. Waluguru hufuata ukoo wa mama, na mambo ya mashamba na matambiko hayaelezeki bila ya kujua nani alizaliwa na bibi yupi. Alikuwa amefika vizazi vinane. Mwezi wa Machi alikwenda Dar es Salaam kwa matibabu, na kwa kuogopa wezi akaiviringisha kompyuta katika nailoni mbili na blanketi, akaifungia katika sanduku la bati. Fundi aliyemwambia afanye hivyo alimsifu kwa uangalifu wake. Aliporudi Juni, blanketi lilinuka kuvu, bodi ya ndani ilikuwa na madoa ya kijani, na diski haikusomeka. Nakala nyingine hakuwa nayo. Wazee wawili waliomsimulia vizazi vya juu walikuwa wamekwisha kufariki. Fundi yule alitoa hukumu kwamba ni umeme wa mgao. Umeme wa mgao, katika sanduku la bati!

Ushauri mwingine hutujia kutoka ng'ambo, na huu ni hatari kwa namna yake. Katika nchi za baridi watu hupasha nyumba zao joto wakati wa kipupwe, hewa ikakauka mno, na mtu akigusa chuma hupigwa na cheche. Kwa sababu hiyo vitabu vyao huwashauri waongeze unyevu chumbani. Nimemwona kwa macho yangu bwana mmoja wa hapa mjini ameweka beseni la maji kando ya kompyuta yake, mwezi wa Aprili, kwa kuwa alisoma hivyo. Mtu aliyesoma hadi chuo kikuu! Maneno yaliyoandikiwa Uswidi hayawi kweli Morogoro kwa sababu tu yamepigwa chapa.

Wenye fedha watasema, nunua kiyoyozi. Hakika kiyoyozi hukausha hewa kinapokuwa kinafanya kazi. Je, wangapi wanamudu gharama ya umeme wake usiku na mchana? Na anayekiwasha saa mbili tu, kisha akakizima na kufungua dirisha jioni ya mvua, ameipoza mashine yake barabara ili umande upate pa kutua.

Mimi nashauri mambo ambayo hayagharimu chochote. Fungua madirisha tangu kama saa nne asubuhi hadi saa kumi, jua likiwapo, kwa maana wakati huo ndipo hewa inapokuwa kavu kuliko nyakati nyingine za siku. Yafunge jioni na wakati wa mvua. Iondoe kompyuta sakafuni, iweke umbali wa shubiri moja kutoka ukutani, hasa ukuta unaopigwa na mvua. Usianike nguo katika chumba hicho, wala usichemshie chai humo. Washa mashine kila siku, hata kama huna la kuandika. Hewa ya nyuzi 25 yenye unyevu wa asilimia 85 ikipashwa hadi nyuzi 32 hushuka hadi asilimia 58 hivi, maji yakiwa ni yale yale. Ukiizima, ngoja ipoe, kisha, kama vumbi linakukera, ifunike kwa kitambaa chepesi cha pamba. Mradi kitambaa kipitishe hewa, sina ugomvi nacho. Na kama imekwisha kulowa, usiiwashe kujaribu. Toa betri, fungua kifuniko, iweke mbele ya feni siku mbili. Habari ya kuizika ndani ya mchele achana nayo, vumbi la mchele halina kazi njema humo ndani.

Nabakiwa na neno kwa wakuu wa shule, maana ugonjwa huu wa nyumbani tumeupeleka mashuleni. Zipo shule milimani zilizopewa kompyuta, zikaingizwa katika chumba chenye nondo na makufuli matatu, na chumba kikafunguliwa siku wanapokuja wageni. Mtoto wa kidato cha kwanza humaliza cha nne hajazigusa, nazo zinaoza kimya kimya kwa masika manne. Hofu ya wezi naielewa. Basi nondo zibaki, lakini vioo vifunguliwe mchana, dirishani uwekwe wavu, na watoto waingie wazitumie ili zipate joto. Ufunguo apewe mwalimu anayelala hapo hapo shuleni, usikae mfukoni mwa mkuu ambaye wiki nzima yuko mjini kwenye semina.