Kipanya cha Kompyuta Kikigoma Nyumbani



Juma lililopita, baada ya swala ya alasiri, binti yangu aliniita chumbani kwake, ghorofani kwetu Kibokoni. Yeye hushona mabuibui, na vipimo vya wateja wake vyote vimo katika kompyuta. Kipanya chake, ambacho wengi wetu twakiita mausi, kilikuwa kimeshikwa na ukaidi: mshale warukaruka kwenye kioo, na akibonyeza mara moja, kompyuta yahesabu mbili. Kwa sababu hiyo jina la bibi harusi mmoja lilikwishafutika pamoja na vipimo vyake. Kaka yake akasema: "Kitupe, ununue kipya. Mambo ya mashine huyawezi."

Maneno hayo yalikuwa na makosa mawili. Kutupa kitu kabla ya kujua ugonjwa wake ni israfu, na Mtume (s.a.w.) alikuwa akitengeneza viatu vyake kwa mkono wake mwenyewe. Ama mikono ipitishayo uzi katika tundu la sindano haishindwi na kipanya.

Kipanya cha kwanza, alichokibuni Douglas Engelbart huko Marekani katika miaka ya 1960, kilikuwa cha mbao na chatembea kwa magurudumu mawili. Vya leo vina jicho dogo tumboni, lipigalo picha za meza zaidi ya mara elfu moja kwa sekunde ili kujua mkono umeelekea wapi. Jicho likizibwa, mshale hupotea njia.

Basi tulianza na yaliyo mepesi. Tulikichomoa tukakichomeka katika tundu jingine. Kingekubali hapo, kosa lingekuwa la tundu. Tukauchunguza waya pale unapoingia kipanyani, maana hapo ndipo unapokunjwa na kukatika. Kama chako hakina waya, tazama betri: hewa yetu ya bahari ina chumvi na unyevu, na vyuma vinavyogusa betri hushika kutu upesi. Visugue taratibu kwa kitambaa kikavu. Tazama na meza pia. Juu ya meza ya kioo jicho halioni kitu, basi weka karatasi chini yake.

Tulipokigeuza tukaona ajabu: nyuzi za buibui jeusi zimejikusanya katika tundu la jicho. Binti alizitoa kwa pamba iliyozungushwa kwenye kijiti, kipanya kikiwa kimechomolewa. Tulipokirudisha, mshale ukatulia.

Kubonyeza mara mbili, hata hivyo, hakukukoma. Ugonjwa huo hutokana na kibati kidogo kilicho chini ya kitufe, ambacho huchoka kwa kubonyezwa siku zote. Fundi aweza kukibadilisha, lakini gharama yake huenda ikapita bei ya kipanya kipya. Binti akafungua mipangilio ya kompyuta, akakibadilisha kitufe cha kulia kifanye kazi ya kile cha kushoto. Kitufe kilichochoka sasa hakitumiki ila mara chache, na kazi inaendelea.

Kisha akampigia simu mama wa bibi harusi, akamweleza ukweli bila ya kuficha, na kumwomba radhi. Bibi harusi alikuja siku ya pili kupimwa upya. Tangu hapo vipimo huandikwa pia katika daftari, kwani amana ya mtu haitegemezwi mahali pamoja.

Kaka mtu alipoingia jioni na kuikuta kazi imekwisha, hakusema neno. Usiku, baada ya isha, alirudi na kipanya chake mwenyewe mkononi. "Dada," akasema kwa sauti ya chini, "hebu nitazamie na hiki."

Wabillahi tawfiq.