Chokaa Katika Chumba cha Kambini

Kuna neno linalosikika mara kwa mara katika nyumba za askari, hasa pale mama wa nyumba anapotaja habari ya kupamba chumba: "Hii ni nyumba ya serikali, kesho tutahamishwa." Neno hilo lina ukweli wake. Askari huweza kupewa barua ya uhamisho Jumatatu, na kabla ya juma kwisha vyombo vyake vikawa juu ya lori, kutoka Mbarara kwenda Moroto. Lakini kesho hiyo huweza kuchukua miaka mitatu kufika, na katika miaka hiyo mtoto aliyeingia darasa la kwanza huwa amekwisha kujifunza kusoma mbele ya kuta nyeusi kwa moshi wa taa na wa jiko la makaa.

Kwa hiyo mapambo yafaayo kambini ni ya namna mbili: yale yasiyogharimu sana, ambayo mtu huweza kuyaacha bila majuto, na yale yanayofunguliwa na kufungwa pamoja na mizigo.

La kuachwa ni chokaa. Chokaa ya unga, iliyokwisha kuzimwa, huuzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi kwa bei iliyo ndogo kuliko ya rangi. Uganda ina mawe yake yenyewe ya chokaa, huko Tororo na wilayani Kasese, ambako watu wa Muhokya huyachoma katika matanuri. Kabla ya kununua chochote, yafaa mwenye nyumba amwombe ruhusa afande anayesimamia makazi. Ruhusa hiyo haikawii kupatikana, kwani hakuna afande anayechukia ukuta mweupe.

Kazi huanza jioni ya siku iliyotangulia. Unga hutiwa katika maji kidogo kidogo huku ukikorogwa, kisha huchujwa kwa kitambaa kikuukuu na kuachwa usiku kucha katika ndoo iliyofunikwa. Asubuhi huongezwa chumvi ya kupikia iliyoyeyushwa katika maji ya moto, kikombe kimoja kwa kila vikombe vinane vya unga, ili chokaa ishike vizuri zaidi. Wakati huo ukuta huoshwa kwa sabuni mpaka masizi yatoke, maana masizi yakiachwa hupenya na kuonekana tena hata chini ya mipako mitatu.

Hapa ndipo wengi hukosea. Chokaa iliyo tayari huwa nyepesi kama maziwa, na inapopakwa juu ya ukuta uliorushiwa maji haionekani. Mpakaji huutazama ukuta wake, akaona ni kama ameupaka maji machafu, akakata tamaa na kuongeza unga mpaka ndoo ikawa uji. Uji huo hukauka upesi, hupasuka, hubanduka, na kabla ya hapo huwa umekwisha kupaka weupe mgongo wa kila sare iliyoegemea ukutani. Waama, chokaa hutaka subira. Hukauka polepole ikivuta hewa ya ukaa iliyo chumbani na kurudi kuwa jiwe, na weupe wake huja kadiri inavyokauka. Mpako wa pili hungoja kesho yake, na wa tatu siku ifuatayo. Anayependa rangi ya maziwa ya mgando au ya udongo aweza kuchanganya unga mwekundu au wa manjano ule utiwao katika saruji ya sakafu, lakini usizidi sehemu moja kwa kumi ya chokaa.

Watoto wasiwepo. Chokaa huunguza, na tone lake moja katika jicho ni jambo la hatari: jicho lioshwe papo hapo kwa maji safi mengi, kwa muda mrefu, kisha mgonjwa apelekwe zahanati bila kungoja. Tena, ukuta uliopakwa rangi ya mafuta zamani haushiki chokaa, wala usisuguliwe kwa msasa mkavu, kwa kuwa rangi nyingi za kale zina madini ya risasi, na vumbi lake hudhuru ubongo wa mtoto.

Nyumba za bati za mviringo, zijulikanazo sana na familia za polisi, hazifai kwa chokaa. Humo pambo ni kitambaa, na hapa huingia yale mapambo yanayosafiri. Bomba la plastiki la kupitishia nyaya za umeme, likilazwa juu ya kulabu mbili, huwa fimbo nzuri ya pazia la kutenga kitanda cha wazazi na mkeka wa watoto. Likiwa refu hupinda katikati kwa uzito wa kitenge. Dawa yake ni kuliingizia nondo nyembamba ndani. Rafu nayo haihitaji misumari. Ubao mmoja uliopigwa msasa na kutobolewa matundu manne huning'inizwa kwa kamba ya katani kutoka kwenye boriti imara, ukabeba vikombe na vitabu vya shule. Vyombo vizito vibaki chini.

Siku ya barua ya uhamisho kamba hufunguliwa, kulabu huzungushwa zikatoka, na ubao hufungwa pamoja na godoro. Chokaa iliyobaki ndooni huchanganywa na mchanga laini kuzibia matundu yaliyo ukutani, na ni vema kazi hiyo ifanywe mapema, maana afande wa makazi hukagua kuta kabla ya kupokea ufunguo.