Lenzi Ndefu ya Nini Kibokoni?

Tangu baadhi yetu tuanze kupenda kupiga picha, kamera ikitajwa tu mtu huuliza, "Yavuta mpaka wapi?" Kana kwamba twaenda Tsavo kupiga simba! Kuna wanaowasumbua wazazi wanunuliwe lenzi ya milimita 300, na kwao ni hapa hapa Kibokoni.

Nasema hivi kwa kuwa nami nilikuwa mmoja wao. Likizo iliyopita mjomba aliniazima kamera yake na lenzi mbili: fupi ya milimita 18 hadi 55, na ndefu ya 75 hadi 300. Ile fupi niliiacha kabatini, nikaiona ya kitoto. Nikatoka kupiga mlango wa nakshi wa jirani. Nyinyi mwazijua ndia zetu zilivyo nyembamba. Nilirudi nyuma hadi mgongo ukagota ukuta wa nyumba ya pili, na bado nikapata pete ya mlango tu, tena yenye ukungu, maana lenzi ile haioni sawasawa kitu kilicho karibu ya mita moja unusu.

Hilo si kitu. Lililoniuma ni la pili. Nilijibanza konani nikamvuta mama mmoja auzaye viazi karai. Kumbe ameniona! "We mwana, ndoo hapa! Wanipiga picha kwa mbali kama mwizi? Huna mdomo wa kutoa salamu?" Watu wote wakageuka. Niliifuta picha mbele yake, na habari zikafika nyumbani kabla yangu.

Basi anayeanza atosheke na hiyo 18 hadi 55, tena iliyokwishatumika. Akiweka akiba, anunue ya 35, au 24 akiipata. Wengi huisifu ya 50 kwa bei yake, lakini kwenye kamera hizi za bei nafuu ya 50 huona kama ya 75 au 80 ya kamera ya filamu, nayo itakubana vichochoroni. Asiye na pesa aanze na simu, lenzi yake ni pana. Marehemu Mohamed Amin, ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka wa 1984 ziliushtua ulimwengu, alianza na Box Brownie kuukuu, kisanduku chenye lenzi moja isiyovuta kitu.

Ukinunua ya mtumba, mulika kurunzi ndani ya lenzi. Unyevu wa bahari huotesha kuvu kama utando wa buibui. Ukiuona, usiichukue hata ukipunguziwa nusu ya bei. Yako nayo itie kwenye kopo lenye kifuniko, pamoja na vile vipakiti vinavyokuja ndani ya viatu vipya.

Kwa lenzi fupi lazima usogee, na ukisogea lazima usalimu. Nilirudi kwa yule mama na ile ya 18, nikamwamkia, nikamwomba radhi. Uso wake alinikatalia. "Piga karai," akasema, na mkono wake ukaingia pichani ukigeuza viazi, bangili zikimeta. Nimempelekea nakala, na sasa ndiyo anayowaonyesha wateja.